Karai Moja, Mbwa Watatu

Jumamosi, 20 Aprili 1996

Leo Daktari Mosoti wa mifugo amekuja kushona sikio la Simba, mara ya pili mwezi huu. Alipokwisha kunawa mikono aliniuliza, "Mama Chepngetich, hawa mbwa hupigana wakati gani hasa?" Nikamwambia wakati wote. Akasema wakati wote si jibu. Akatoa daftari hili kwenye begi lake, linanuka dawa ya kupe mpaka sasa, akaniambia niwe naandika kila vita: siku, mahali, nani alianza, na kulikuwa na nini hapo karibu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Mosoti ni mtu wa Kisii na Kipsigis chake kinaishia kwenye salamu.

Haya, Daktari. Mbwa ni watatu. Simba ni wangu, mweusi, ana miaka minne. Ndiye hunisindikiza alfajiri nikienda kuchuma majani. Mwaka juzi mwanamume mmoja alinivizia katikati ya mistari ya chai kabla hakujapambazuka, na bila Simba leo ningekuwa nasimuliwa tu. Foksi ni kijana, rangi ya udongo, na ni mwanasiasa: hungoja aone nani anashinda ndipo aungane naye. Meneja ni wa mama mkwe wangu. Ni mzee, wa manjano, mdomo umekuwa mweupe, na chonge lake la juu upande wa kushoto halipo. Lilitolewa na teke la punda huko kwao Longisa.

Kabla Meneja hajaja hatukuwa na vita. Mama mkwe wangu, tunayemwita Kogo jinsi watoto wanavyomwita bibi yao, macho yake yameingia ukungu. Mwezi wa tatu aliungua mkono akipapasa kifuniko cha sufuria, peke yake nyumbani. Mume wangu Weldon akaenda kumchukua. Alikubali kwa sharti moja: "Nakuja na Meneja. Siku mtakayomtoa Meneja, na mimi nirudisheni kwangu." Wala si maringo. Meneja ana kamba shingoni, Kogo huishika, na mbwa humpeleka chooni na kumrudisha. Akirudi Longisa peke yake, safari hii hataungua mkono tu.

Kwa hiyo ni lazima watatu hawa wakae pamoja. Sina njia nyingine.

Jumapili, 21 Aprili

Kanisani. Hakuna vita, au hatukuwepo kuviona.

Jumatatu, 22 Aprili

Vita. Mlango wa jikoni, saa kumi na mbili jioni, nikiwa naweka karai lao la ugali na maziwa. Nani alianza sijui. Meneja alikuwa chini, Simba juu, na Foksi akaungana na Simba. Niliwatenganisha kwa maji ndoo moja. Weldon alikuwa amelala kwa sababu wiki hii yuko shifti ya usiku kiwandani. Alitoka akiwa ameshika suruali mkononi, akasema maneno ambayo sitayaandika kwenye daftari la serikali.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Hakuna vita.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua ya mawe saa tisa. Majani yote ya upande wa mtoni yamechanika, na wiki ijayo ndiyo ilikuwa raundi yake ya kuchumwa. Vita mara mbili. Mara ya kwanza ni makombo ya omena, vile visamaki vya ziwani, ya pili ni karai lile lile likiwa tupu. Nimechoka.

Jumamosi, 4 Mei

Leo nina muda kidogo kwa sababu mvua imenifungia jikoni.

Daktari, labda utauliza kwa nini nawapa chakula kwenye karai moja. Nitakwambia. Kwa baba yangu tulikuwa watoto tisa na sinia moja. Waliogombana mchana, jioni mama aliwakalisha ubavu kwa ubavu, wamege tonge sehemu moja, mpaka wacheke. Huwezi kumchukia mtu ambaye mkono wake umegusana na wako kwenye mboga. Hata mimi nilipoolewa hapa, siku ya kwanza nililetewa mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwenye kibuyu kimoja na wifi zangu, na tangu hapo sikuwa mgeni. Sasa mbwa mgeni akija, utamwekea sahani yake pembeni kama mtu mwenye ugonjwa? Hapana. Karai moja. Watazoeana.

Wanaendelea kuzoeana. Simba ana kovu jipya puani.

Kogo naye, Mungu anisamehe. Haniiti kwa jina. Ananiita "mama wa watoto", na akiwa na neno kali hanielekezi mimi, anamwambia mbwa: "Meneja, huyu mama wa watoto ametia maji mengi kwenye chai." "Meneja, huyu mama wa watoto anafikiri kuni zinaota usiku." Mimi nipo pale pale, nimeinama mbele ya moto, machozi ya moshi yananitoka. Nakaa kimya. Mwenye kumjibu mama mkwe ni nani? Lakini usiku natamani kumwambia Meneja maneno yangu pia.

Jumatano, 8 Mei

Vita. Jioni. Mfupa. Damu kidogo.

Alhamisi, 9 Mei

Vita. Jioni. Maji ndoo mbili, na ndoo ya pili ilimpata Weldon.

Jumamosi, 11 Mei

Mosoti amekuja, akakaa kwenye kigoda, akasoma daftari. Alisoma polepole huku akitabasamu kwenye sehemu ambazo sikuandika ili atabasamu. Halafu akaweka kidole. "Mama, ona. Hapa ugali. Hapa omena. Hapa mfupa. Hapa karai tupu. Hakuna hata siku moja wamepigana bila chakula kuwa karibu. Wape kila mmoja chake, mbali na mwenzake, na utoe vyombo wakimaliza. Ni hiyo tu."

Nilicheka, kusema kweli. Mosoti hana mke, anakula kwa hoteli pale Kapkatet, meza yake peke yake, akitazama ukuta. Atajua nini juu ya kula pamoja? Nikamtafsiria Kogo, nikaongeza na yangu ya sinia moja. Kogo naye akasema, "Mwambie mbwa akila peke yake atabaki mgeni mpaka afe." Akageuza uso upande wangu, akaongeza: "Huyu mama wa watoto amesema kweli." Ilikuwa mara ya kwanza tangu aje. Nilifurahi mno. Sasa nani atabadilisha karai siku ambayo mama mkwe amekusifu?

Mosoti hakubishana. Alisema basi angalau tusitie mkono wakipigana: "Maji, gunia, au watu wawili wavute miguu ya nyuma. Mkono hapana. Mbwa akiwa vitani hamjui mama yake." Kisha akataka kumchanja Meneja chanjo ya kichaa cha mbwa. Simba na Foksi walichanjwa mwezi wa pili pale kwenye josho, na kadi zao ziko ukutani kwenye msumari. Kogo alikataa. "Huyu mzee amebakisha siku ngapi mpaka mumchome sindano?"

Jumatatu, 20 Mei

Mvua, mvua. Lori la majani limekwama chini ya senta, pale tunapopimia chai, tukangoja na vikapu mpaka giza. Vita sikuona. Foksi anachechemea, kwa hiyo vilikuwepo.

Jumapili, 2 Juni

Kogo ameomba nimchane nywele. Ni nyeupe na laini. Aliniambia alivyochukua Meneja akiwa mdogo wa kutoshea kofiani, mwaka ule baba yake Weldon alipofariki. Usiku wa kwanza wa ujane mbwa alilia, na yeye akapata mtu wa kubembeleza. Hakumwambia Meneja hadithi hiyo. Aliniambia mimi.

Jumatano, 5 Juni

Vita. Jioni. Sina la kuongeza.

Jumapili, 16 Juni

Jana sikuweza kuandika.

Jana jioni Weldon alileta mifupa ya ng'ombe kutoka buchari. Nilikuwa na furaha, sijui hata kwa nini, labda kwa sababu mvua ilipungua kidogo. Nikamwaga mifupa yote kwenye karai na kuwaita kwa majina. Kogo alikuwa amekaa mlangoni. Walipigana kabla sijanyoosha mgongo. Si kama zile siku nyingine. Simba alimshika Meneja shingoni na hakuachilia. Nikakimbia kwenye tangi kuchota maji.

Niliporudi na ndoo Kogo alikuwa amekaa kwenye matope, mkono wake wa kulia umefunguka chini ya kiwiko, damu inachuruzika na mvua. Alimsikia Meneja akilia, akatia mkono. Nilimwaga ile ndoo, nikapiga mayowe. Weldon akatoka, akawatawanya na jembe. Simba alisimama pembeni na damu mdomoni. Kogo akasema, "Ni Simba. Simba ameniuma."

Nilimwosha mkono kwa sabuni na maji mengi, vile Mosoti alivyosema zamani kwenye mkutano wa chanjo, mpaka maji yakawa meupe. Lori la majani lilikuwa linapita kutoka senta, dereva akatubeba mpaka hospitali ya Kaplong. Muuguzi wa zamu, Sista Molly, ni mtu wa kutoka ziwani, mnene, sauti ya upole. Kogo hajui Kiswahili cha kutosha, kwa hiyo mimi ndiye niliyetafsiri. Sista akauliza, "Mbwa imechanjwa?" Nikasema ndiyo, Simba ana kadi. Akamdunga ya pepopunda, akafunga bandeji. Akasema mbwa asiuawe, afungwe na aangaliwe siku kumi. Akibaki mzima siku kumi, hana kichaa.

Tulipofika nyumbani Weldon alimfunga Simba kwa mnyororo nyuma ya zizi. Alisema, "Siku kumi ni Jumanne ya tarehe ishirini na tano. Siku hiyo jirani Aron anakuja na upinde. Mbwa ya kuuma mama yangu haiwezi kuzeeka hapa." Ni mimi niliyemwaga ile mifupa. Mosoti aliniambia, na nikamcheka.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekwenda kuchuma majani bila Simba. Sikwenda alfajiri, nilingoja jua. Hata hivyo kila jani likitikisika moyo unaruka. Nimefika senta wa mwisho na nusu kikapu.

Jumanne, 18 Juni

Daktari, ukifika ukurasa huu, funga daftari. Huu si wako tena.

Leo asubuhi nilibadilisha bandeji ya Kogo, mchana, mlangoni penye mwanga. Juzi kulikuwa na damu na giza. Leo kidonda ni safi na nimekiona vizuri. Upande wa chini wa mkono kuna matundu mawili ya meno marefu. Upande wa juu kuna tundu moja. Moja tu. Pale ambapo la pili lingekuwa, ngozi ni nzima.

Simba ana machonge yake yote manne. Nimekwenda nyuma ya zizi nikamfungua mdomo kuhakikisha, akaniramba vidole.

Ni Meneja. Alikuwa amekabwa shingo, hana pumzi, akauma kitu cha kwanza kilichokaribia, na hicho kitu kikawa ni mkono wa Kogo. Na Kogo anajua. Haoni vizuri lakini mdomo uliomlamba miaka kumi na moja anaujua. Amesema Simba kwa sababu mbwa wa kuuma atakufa, na Meneja akifa yeye anarudi Longisa kuungua.

Nilifunga bandeji. Sikusema. Ningesema nini? Nimwambie Weldon kwamba mama yake ni mwongo? Mwanamke aliyeolewa asimame mbele ya mume wake amvue nguo mama mkwe? Haiwezekani. Nikikaa kimya Simba anakufa bila kosa. Nikisema, Meneja anakufa leo leo, na Kogo anafunga furushi.

Halafu nikakumbuka kadi ukutani. Meneja hana kadi.

Nilimwambia Kogo kwamba Sista anataka kuona kidonda tena. Tukaenda Kaplong. Nilimkalisha kwenye benchi, nikaingia kwa Sista Molly peke yangu, nikamwambia yule mbwa wa kuuma si yule niliyesema, ni mwingine, na hajachanjwa. "Yawa!" akasema. "Na siku tatu zimepita! Nani alikudanganya?" Nikasema nilikosea kutafsiri. Alinitazama muda mrefu, lakini hakuuliza tena. Akaleta sindano. "Leo moja, Ijumaa moja, Jumanne ingine, halafu nitakuandikia zilizobaki. Usiruke hata moja. Na hiyo mbwa uiangalie. Ikikataa maji, ikibadilika sauti, kuja mbio, usingoje asubuhi."

Kogo alidungwa. Aligeuza uso wake kwangu kama anayetaka kuuliza.

Jumatano, 19 Juni

Meneja amekunywa maji. Hakuna vita. Simba amefungwa, anakula nyuma ya zizi. Meneja anakula chumbani kwa Kogo. Foksi anakula jikoni, peke yake, akishangaa.

Alhamisi, 20 Juni

Meneja amekunywa. Hakuna vita.

Ijumaa, 21 Juni

Sindano ya pili. Tukiwa kwenye benchi pale hospitali, Kogo akauliza kwa sauti ya chini, bila kunigeukia, "Hii sindano ni ya mbwa gani?"

Nikamjibu, "Ni ya mbwa asiye na kadi, mama."

Alitafuta mkono wangu kwenye benchi, akaushika mpaka tukaitwa. Mkono wake ulikuwa wa moto, nikaogopa homa, lakini Sista alipima akasema hakuna. Sasa anajua kwamba najua. Na mimi najua kwamba anajua. Weldon peke yake ndiye hajui chochote, naye amelala usingizi wa shifti.

Meneja amekunywa.

Jumamosi, 22 Juni

Aron amepita kuuliza kama Jumanne bado ipo. Anauliza kama mtu aliyealikwa harusini. Nimempa viazi aende zake.

Meneja amekunywa. Hakuna vita, siku ya saba. Mosoti, umeshinda. Nitakuambia hivyo mbele ya watu, nisipokufa kwa aibu kwanza.

Jumapili, 23 Juni

Meneja hakunywa maji asubuhi. Nimepeleka bakuli, akalinusa, akageuka. Saa sita, hivyo hivyo. Nilisema kichwa kinaniuma nikaacha kwenda kanisani. Weldon akaenda peke yake. Nilikaa na mama mkwe chumbani mwake, mvua inapiga bati, sisi wawili tumekaa tukimsikiliza mbwa akipumua. Kogo alikuwa akisema, "Ameshakunywa? Na sasa?" Nikawa najibu bado. Nilimwomba Mungu bila hata maneno. Nilifikiri: huyu mama akifa ni karai langu lililomuua, na ile furaha yangu ya kusifiwa.

Saa tisa Meneja aliinuka, akanyoosha miguu, akatoka mlangoni mpaka pale maji ya bati yanapodondokea kwenye debe. Akanywa. Akanywa sana, mpaka nikasikia koo lake. Kumbe bakuli nililompa lilikuwa na harufu ya sabuni.

Nilimwambia Kogo, "Anakunywa, mama. Anakunywa ya mvua." Akafunika uso kwa leso.

Jumatatu, 24 Juni

Meneja amekunywa. Simba pia, lakini Simba hakuna anayemuuliza. Nimempelekea ugali na kukaa naye kidogo. Anafikiri ameadhibiwa kwa kosa ambalo amelisahau. Kesho ni kesho. Nimepanga maneno ya kumwambia Weldon mara kumi, na yote yakifika kwenye jina la mama yake naanza upya.

Jumanne, 25 Juni

Nitaandika yote, hata kama mkono unauma.

Aron alifika saa mbili na upinde begani. Weldon alikuwa ametoka shifti, macho mekundu. Walikwenda nyuma ya zizi. Nikawafuata nikiwa na ufunguo wa mnyororo mfukoni, maana nilikuwa nimeuficha, na huo ndio ulikuwa mpango wangu wote. Weldon akanyoosha mkono. "Lete ufunguo, Dorcus." Nikasimama tu.

Ndipo Kogo akaja. Meneja mbele, kamba, na Kogo nyuma yake, amevaa koti lake la safari, na furushi amelitundika kwenye mkono ule mzima. Alikuwa amelifunga usiku, sikujua. Akasimama karibu na zizi akasema, "Weldon, mwachilie huyo. Aliyeniuma ni huyu wangu. Nilikudanganya. Mpigeni Meneja, kisha nipelekeni kwangu leo leo, mvua haijaanza."

Ng'ombe tu ndiye aliyekuwa akitafuna.

Weldon alimtazama mama yake, akatazama furushi. Sijawahi kumwona mwanaume akichoka hivyo akiwa amesimama. Akanigeukia. "Wewe umefunga hicho kidonda kila siku. Ni ukweli? Ni Meneja?"

Hapo nilikuwa na ukweli mkononi. Simba alikuwa amepona kabisa kwa maneno ya Kogo. Ningesema ndiyo, na mambo yangekwisha: mbwa wangu mzima, jiko langu langu tena, hakuna wa kumwambia mbwa habari za chai yangu. Nilitazama ile kamba. Kogo alikuwa ameizungusha vidoleni mara tatu.

Nikasema, "Mimi sijui. Kidonda ni kidonda. Meno ya mbwa yote yanafanana."

"Hujui?"

"Sijui, baba Chepngetich. Kulikuwa na mvua, kulikuwa na damu. Mama mwenyewe haoni vizuri, juzi alisema Simba, leo anasema Meneja. Kesho atasema Foksi."

Weldon akashika kichwa. "Sasa niue gani?"

Aron akasema, "Mimi nimekuja na mshale mmoja tu."

"Usiue hata mmoja," nikasema, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Siku kumi zimekwisha na wote ni wazima. Siku kumi kila mmoja amekula peke yake na hakuna vita hata kimoja. Mosoti aliniambia mwezi wa tano nikamcheka. Kosa ni la karai, na karai ni langu. Kama ni kupiga mtu mshale, nipige mimi."

Weldon hakucheka. Alikaa juu ya kisiki akatazama matope kati ya viatu vyake. Mwishowe akasema yeye anakwenda kulala, na mbwa akilia leo, yeyote yule, atahamia kiwandani alale kwenye magunia. Aron akauliza kama kuna chai, kwa sababu ametoka mbali. Anakaa ng'ambo ya ua. Nilimpa chai.

Simba nilimfungua mwenyewe. Hakwenda kwa Meneja. Alikojoa kwenye mti, akaenda kulala kwenye jua.

Aron alipoondoka, Kogo alikuja jikoni na koti lake bado mwilini. Tulikuwa twende Kaplong kwa sindano ya tatu. Akakaa kwenye kigoda, akaweka furushi chini, akasema, "Dorcus."

Nikashtuka. Sikujua kama analijua jina langu.

"Dorcus. Uliona lile tundu moja. Siku ile ulipobadilisha bandeji, vidole vyako vilisimama hapo, nikajua umeona. Mbona umemdanganya mwanangu mchana kweupe?"

Nilikuwa nimechoka, Daktari, au yeyote anayesoma hapa. Nilikuwa nimechoka na mvua, na mbwa, na heshima. Kabla sijajizuia nikamjibu: "Nimefundishwa na mama mkwe wangu."

Nikaona nimekwisha. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika bandeji kwa maumivu, akisema "wee, wee," nami nikacheka, na katikati ya kucheka akaanza kulia, nami nikamfuata huko pia, sisi wawili na moshi, maziwa yakafurika jikoni na hakuna aliyeinuka kuyaepua. Tulichelewa kwa Sista Molly kwa saa nzima.